Sufuria ya Mama Musau

Iko asubuhi moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata sasa uzee umenikalisha, naona haya mpaka masikioni. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, huku kwetu karibu na Wamunyu, na mimi nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye mikono ya kuvunja mawe na mdomo wa kuvunja watu. Wewe unanijua kama bibi asiyetoka nyumbani, ambaye hata sokoni haendi mpaka chumvi iishe na jirani akatae kukopesha. Wakati huo nilikuwa mtu wa mbele. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaanguka hesabu, nikaolewa, na kipaji pekee nilichotoka nacho shuleni kilikuwa kutunga nyimbo za kuchekelea walimu. Kipaji hicho nikakipeleka kwenye mwethya.

Mwethya ni kina mama wa kijiji tukiungana kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule, ili mvua ikija isibebe udongo wote ikaupeleka mtoni. Kundi letu lilikuwa na sheria moja kali. Mtu asipofika kuchimba, na nyumbani kwake hakuna maiti wala mtoto mchanga, tulimwendea tukiimba, tukaingia jikoni na kutoka na sufuria yake kubwa. Angerudishiwa akishachimba kipimo chake mara mbili. Na si kisufuria cha chai ninachosema, ni ile ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Bila hiyo watoto wako walikula kwa jirani, na kijiji kizima kilijua sababu.

Mama Musau alikuwa amekosa mara tatu mfululizo. Nikamtungia wimbo. Sitakuimbia wote, lakini kiitikio kilisema mgongo wake ni wa yai, tusimguse atapasuka. Tulienda wanawake karibu ishirini, mimi mbele. Tulimkuta amesimama mlangoni, ngozi inang'aa mafuta, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Akasema hajakataa kazi, ni mgonjwa. Viungo vinamuuma, na asubuhi vidole havikunjiki.

Nikamwambia mbele ya wote, "Wapi? Tuonyeshe."

Angeonyesha nini, mwanangu? Hakukuwa na kidonda, wala bandeji, wala mguu uliokatwa. Aliitazama mikono yake kana kwamba imemkana mbele ya watu, halafu akasogea tukapita. Maharagwe yalikuwa motoni. Niliyamwaga kwenye beseni mimi mwenyewe, nikaishika sufuria ya moto kwa leso, nikaondoka nayo nikiwachekesha wenzangu njia nzima.

Miaka minne baadaye niliamka nikashindwa kufungua mkebe wa mafuta ya kupikia. Nilifikiri nimeulalia mkono. Mkono wa pili nao nikafikiri nimeulalia, na sikujiuliza mtu hulaliaje mikono yote miwili. Baada ya mwezi yakaja magoti. Zahanati walinipa dawa ya malaria mara tatu, nadhani kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha. Mhudumu mwingine aliniambia nipunguze mawazo. Mawazo gani? Mawazo yangu yote yalikuwa magotini. Kanisani dada mmoja alinishika bega akaniambia kwa upole kwamba pengine imani yangu ni ndogo, na nikatamani sana mkono wangu uweze kukunja ngumi.

Hatimaye daktari mmoja kule Machakos mjini alinibonyeza vifundo vya vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Akaniambia ni ugonjwa wa viungo, kwamba ile kinga inayolinda mwili imegeuka inauuma mwili wenyewe. Hautaisha. Utatulizwa kwa dawa, na kutakuwa na siku nzuri na siku mbaya. Nililia hapo hapo kwenye kiti. Mume wangu, ambaye ni mchongaji vinyago, alidhani nalia kwa sababu hautaisha. Nililia kwa sababu mtu alikuwa ameniamini. Tulipofika nyumbani alichukua mti akanichongea mwiko wa mpini mnene kama mkono wa mtoto, nikaweza kusonga ugali tena. Ningepewa kuchagua kati ya mwiko ule na maombi yote ya kijiji, ningechukua mwiko.

Lakini nilikuwa nimekosa kuchimba mara mbili, na zamu ya shamba langu ilikuwa inakaribia. Shamba letu liko mteremkoni. Aliyeshindwa kulipa kipimo chake alifutwa, na nikifutwa kwenye kundi kabla ya mvua, udongo wote ungeondoka. Asubuhi moja nikasikia wanakuja, na wanaimba wimbo wangu. Ulikuwa wimbo mzuri, nakiri. Nilikuwa nimeutunga vizuri sana.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja aliyetembea na filimbi shingoni kama refa, alisimama mlangoni. "Mama Mwende, juzi si tulikuona sokoni ukitembea?"

Nikasema ndiyo, juzi niliweza.

"Na leo unaumwa wapi? Tuonyeshe."

Sikuwa na pa kuonyesha. Sufuria ikaenda. Nyuma kabisa, karibu na ua wa minyaa, Mama Musau alikuwa amesimama mdomo umefungwa.

Kesho yake alikuja. Nilianza kutafuta maneno, akanikatiza kabla hajakaa. "Sikuja kukusamehe. Hiyo bado naifikiria. Nimekuja kukuonyesha vile mtu anaamka."

Akanionyesha. Mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kushika chochote. Kugeuka ubavu kwanza, halafu miguu chini, halafu kungoja. Siku ikiwa nzuri, usiitumie yote, maana ya kesho huijui. Nikamwuliza na hii hasira nifanye nayo nini, maana nilikuwa naamka nayo hata kabla ya maumivu. Alifikiri kidogo. "Hiyo usiitupe. Ipeleke mahali iko na kazi."

Basi siku ya kuchimba tukaipeleka. Ilikuwa shambani kwa mwenyekiti mwenyewe. Tulifika polepole, tukiyumba kama bata wawili, na kuna waliocheka. Kabla ya kuchimba mtaro lazima mstari upimwe. Wawili wanashika fimbo zilizofungwa kamba, na wa tatu anasoma pimamaji iliyoning'inia katikati. Wanawake hawakuipenda kazi hiyo. Waliiharakisha wakashike majembe, na msimu uliopita mitaro miwili ilikuwa imepasuka kwa sababu ilipimwa ovyo. Mama Musau akasema tupewe sisi. Kusimama na fimbo tunaweza, na macho tunayo. Mwenyekiti akapenda. Akasema tutahesabiwa kama tumechimba, na wenzetu wakapiga makofi.

Hapo ningenyamaza. Mume wangu hukubali kwamba sijui kunyamaza.

"Na siku ambayo hata fimbo hatuwezi kushika?" nikauliza.

"Siku hiyo si mtatuma mtu?"

"Siku hiyo tutakuwa kitandani, na sufuria zetu zitakuwa jikoni. Hakuna mtu ataingia."

Akasema watu wataanza kujifanya wagonjwa.

"Wacha wajifanye. Mmoja akitudanganya, tumepoteza mtaro. Mimi nilimwaga chakula cha watoto wa mgonjwa, na nyinyi nyote mlicheka, kwa sababu niliwachekesha. Sitacheka tena. Na yule anataka nimwonyeshe ni wapi naumwa, aje alale kwangu aamke na hii mikono."

Mwenyekiti akapuliza filimbi kazi ianze. Lakini jioni sufuria yangu ililetwa, imesuguliwa na majivu mpaka inameta, na wiki iliyofuata walinichimbia shamba. Wimbo ule sikuusikia tena. Mimi na Mama Musau tulipima mitaro ya kijiji hiki miaka kumi na mmoja, na mvua haikupasua hata mmoja. Kuhusu kunisamehe, hakuwahi kuniambia kama alimaliza kufikiria, na sikumharakisha.

Bado nina hasira, mwanangu. Usiniombee iishe. Wewe unayeumwa mahali pasipoonekana, usipoteze nguvu zako chache ukithibitisha kwamba unaumwa. Meza dawa, chonga mpini wa kukufaa, tafuta mmoja anayejua vile mtu anaamka, na siku nzuri ikija, cheka ndani yake bila kuomba ruhusa. Omba kazi unayoiweza. Siku usipoweza yoyote, wewe bado ni mtu, na chakula chako ni chako. Na wewe mzima mwenye mdomo kama niliokuwa nao, mtu akikuambia anaumwa, muulize amekula nini.

Mungu akupe asubuhi ambazo vidole vinafunguka vyenyewe. Na zile ambazo havifunguki, akupe maji ya vuguvugu karibu na kitanda, sufuria iliyo motoni, na mlangoni asisimame mtu wa kukuuliza ni wapi.