Zamu ya Ukurasa wa Moyo

Noti za sayansi zilikuwa seti moja tu kwa darasa zima la nane pale Suji, kwa hiyo kiranja alizigawa kwa zamu, kama wazee wagawavyo mashambani maji ya ndiva, bwawa la kijiji. Hakuwa mtu wa kutulia. Akisimama, vidole vilipiga ngoma pajani. Akiketi, goti lilitetemeka. Akikupa karatasi alikuonya, "Usiikunje," na huku ameshaikunja mwenyewe. Dorkas alipata kurasa zote isipokuwa ule wa moyo. Aliujua ulipo: ulichungulia mfukoni mwa shati la kiranja. Enzi hizo za Mwingereza, nafasi za sekondari zilihesabika kwa vidole, na wote wawili walizitaka.

Jioni ya kuamkia mtihani kiranja alimkuta mferejini, yeye na mama yake wakinywesha migomba. "Shikamoo mama," alisema bila kungoja marahaba, akamtia Dorkas ule ukurasa mkononi, umelowa jasho. "Zamu yako." Akateremka mbio. Dorkas hajamaliza mstari wa pili, akasikia mawe yakiporomoka. Kiranja amerudi, anahema.

"Soma kwa sauti," alisema. "Nimefika pale bondeni nikaona nimeusahau wote."