Josefu Alivyopata Somo Mambrui

Niliondoka Makongeni mwaka wa tisini na nne kwa sababu ya neno moja. Josefu, rafiki yangu tangu utotoni, alikwenda pwani kutengeneza injini ya mashua, kazi ya mwezi mmoja, kisha arudi tufungue karakana yetu kando ya Jogoo Road. Miezi ikapita. Mwishowe dereva mmoja wa lori akaniletea ujumbe: "Jose anasema haji sasa. Amepata somo huko." Nikadhani ameingia chuo bila kuniambia. Wivu ukanishika papo hapo. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda treni.

Mombasa nilifika asubuhi. Nikachukua basi la Malindi, kisha jingine, tukavuka daraja la Sabaki, na alasiri nikashuka Mambrui, mji ambao ukipiga chafya mwanzo wake, mwisho wake wanakuombea afya.

Nilitaka kuuchukia, haukunipa nafasi. Mama wa Kigiriama aliyeuza samaki wa kukaanga aliinuka nilipotaja jina. "Josefu Mjaluo? Somo yake Yusufu fundi? Ndoo, nikuonyeshe." Tulipopita dukani, Mhindi mwenye duka alimtania kwa Kigiriama, naye akamrudishia maradufu. Mwarabu mmoja alinikaribisha chakula kabla hajaniuliza natoka wapi.

Barazani nilimkuta Josefu na fundi cherehani wa Kibajuni, rika letu.

"Niaje, Kioko!" Akanirukia. "Huyu ndiye somo yangu."

Kumbe huko somo ni mwenye jina kama lako, na jina likishawaunganisha, mnakuwa zaidi ya ndugu. Yusufu na Josefu, walinieleza, ni jina moja. Msikiti na kanisa vinatofautiana matamshi tu.

Asubuhi iliyofuata nilimsikia Yusufu akibisha: "Oyawore, omera!" Wakaendelea kwa Kijaluo, wakicheka. Mimi nimelala chumba kimoja na Josefu miaka, na Kijaluo changu kinaishia kuomba maji. Nilimwonea Yusufu kijicho cha waziwazi. Mahamri yake niliyala kwa hasira, na utamu wake ukazidi kuniudhi.

"Rudi mtaani, buda," nikamwambia Josefu. "Karakana je?"

"Hapa nikiumwa, jua halijatua, sahani tatu zilizofunikwa ziko mlangoni."

"Na mimi je?"

Yusufu ndiye aliyejibu. "Kaa nawe, ndugu yangu. Jina lako la kanisani ni nani?"

"Sina," nikasema. Nimebatizwa Abrahamu, na akina Ibrahimu wawili walikuwa wameketi pale pale barazani wakinitazama.

Siku ya kurudi, Josefu alinibebea mkoba hadi kituoni. "Haya, Kioko. Wasalimie huko kwenu."

Kwenu! Mtu aliyezaliwa Makongeni, mlango wa tatu kutoka kwetu. Nikampokonya mkoba, nikapanda basi.

Ndani ya treni nilijifunza jambo ambalo sikulitaka: mtu akikunyang'anya rafiki unaweza kugombana naye, lakini mji mzima utaugombeza vipi?

Makongeni mama yake Josefu alikuwa amesimama mlangoni, akitazama nyuma yangu.

"Umemwacha wapi mwanangu?"

"Kwao, mama," nikamwambia.