Bi Vernice na Vita vya Nusu ya Pili

Bendi inatoka uwanjani, na Vernice Oglesby hageuki kuitazama. Anatazama miguu.

Amesimama chini ya ngazi za jukwaa la wanafunzi, mgongo ameupa uwanja, uso ameuelekeza kwa watu. Nyuma yake ngoma zinanguruma, matarumbeta yanameremeta juani, na safu ya mwisho ya wapiga ngoma inarudi nyuma kwa madaha huku jukwaa zima likipiga vifijo. Yeye hana habari nayo. Anamsubiri mwanafunzi wa kwanza atakayeokota begi lake.

"Wachezaji wana robo nne," anasema bila kugeuza shingo. "Mimi nina haya mapumziko tu. Na leo ndiyo mara ya mwisho."

Ni mechi ya mwisho ya nyumbani ya Chuo cha Tolliver, mjini Cane Ferry, Alabama. Vernice, mwenye miaka 47, ni mratibu wa mahudhurio ya wanafunzi. Ukiuvua wadhifa huo koti lake la ofisini, maana yake ni hii: ameajiriwa awalete wanafunzi kwenye futiboli, ule mpira wa Kimarekani wa robo nne unaochezwa kwa mikono, na wakishakuja, wakae.

Kuwaleta si kazi. Bendi ya Tolliver inajulikana kaunti tatu, na hakuna mwanafunzi anayekubali kuikosa. Saa tisa na nusu, mapumziko yanapofika, jukwaa lao la viti 3,200 huwa limejaa hadi ngazini. Tatizo ni kwamba bendi ikishapiga, nao wamekwisha. Humiminika nje kama maji ya pakachani. Robo ya nne ikianza hubaki mia tatu, mia nne, wengi wao wapenzi wa wachezaji, na wachache waliopitiwa na usingizi.

Miaka ya nyuma jambo hilo lilikuwa utani wa chuo. Msimu huu mechi zimeanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya jimbo, na kamera hukaa upande wa pili. Kila mchezaji anapokimbia na mpira, nyuma yake yanaonekana mabenchi matupu yanayong'aa kama kipara.

Mwezi wa nane, mkuu wa michezo wa chuo, Rodney Haskew, alimwita Vernice ofisini. Hakumzungusha. Alitaka mechi ya mwisho ya nyumbani, robo ya nne ikianza, jukwaa la wanafunzi liwe limejaa nusu au zaidi. Likiwa tupu, nafasi ya mratibu inafutwa.

Mshahara wa Vernice ni dola 31,000 kwa mwaka. Ukishatoa kodi ya nyumba na matengenezo ya gari lililozeeka kabla ya mwenyewe, hakibaki cha kusimulia. Ila mtoto wa mfanyakazi wa Tolliver hasomi kwa ada. Binti yake, Jalisa, yuko mwaka wa tatu wa uuguzi, na ada ya mwaka mmoja ni dola 19,000.

"Nikitoka mimi, anatoka na yeye," anasema Vernice. "Kashaanza kuvaa ile sare ya hospitali. Kashajifunza kutafuta mshipa. Nitamwambia nini, arudi nyumbani akatafute mshipa wa paka?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jalisa mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakimbizi. Mechi ya kwanza ya msimu, Vernice alimwona binti yake akishuka ngazi na wenzake, miwani ya jua usoni, ngoma zikiwa hazijapoa.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Kula, Mama."

"Mpira je?"

"Mama, ule mchezo una vikao vingi kuliko kanisa letu. Wanakimbia hatua mbili, wanaanguka, wanaitana kikao. Niite wakikubaliana."

Wenzake walicheka. Vernice naye alicheka, kisha akaenda kujifungia chooni kwa muda.

Alijaribu kwanza fulana. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia, akaagiza fulana elfu moja za njano, rangi ya chuo, akazigawa getini. Wanafunzi walizipokea kwa adabu, wakazivaa palepale, wakatazama bendi, wakaondoka nazo. Robo ya nne alipopanda juu ya jukwaa na kuchungulia nje, maegesho ya magari yote yalikuwa ya njano.

"Nilikuwa nimewavalisha sare ya kunikimbia," anasema.

Akamwendea mwalimu wa bendi, akamwomba wapige mara ya pili baada ya kipenga cha mwisho, watu wawe na cha kungojea. "Bi Vernice," akamwambia, "bendi si chambo." Mazungumzo yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba alikuwa anajua tangu siku ya kwanza walikokuwa wanakwenda. Alikuwa anaogopa kupataja.

Ng'ambo ya geti la kusini, siku ya mechi, huwa kuna mahema kama ishirini. Ni ya wanawake waliosoma Tolliver zamani, wengi sasa ni bibi. Hufika alfajiri na majiko ya mkaa na masufuria yanayotosha kuogeshea mtoto. Wanachoma mbavu, wanakaanga kambare, wanapika mboga na nyama ya moshi, wanapanga keki za viazi vitamu kwenye boneti za magari. Na desturi yao haijabadilika: mwanafunzi halipi. Anaulizwa jambo moja tu, wewe ni mtoto wa nani, na hata akiwa ametoka jimbo la mbali ambalo hakuna anayelijua, jibu linatosha, sahani inajaa.

Bendi ikimaliza, nyama nayo huwa imeiva. Na geti la Tolliver lina sheria: ukitoka, huingii tena.

Vernice alikuwa mmoja wao. Miaka sita, alipokuwa akifanya kazi kwenye bwalo la chuo, alikuwa na hema lake la tatu kutoka getini, na samaki wake walikuwa na foleni. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutoka," anasema. "Nilikuwa nasimama pale nikipunga kijiko."

Mkubwa wa mahema ni Eula Crenshaw, miaka 78, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye Cane Ferry nzima humwita Mama Eula na hakuna anayembishia mara mbili. Jumatano, siku tatu kabla ya mechi ya mwisho, Vernice alikwenda kwake. Alimkuta jikoni anamenya viazi vya saladi, redio ikihubiri.

Vernice alikuwa amejiandaa. Alizungumzia taswira ya chuo, watazamaji wa televisheni, ushirikiano wa wadau. Akaomba mahema yafungwe wakati wa nusu ya pili. Mama Eula akaendelea kumenya.

"Vernice."

"Naam, Mama."

"Ulipokuwa na miaka kumi na tisa, mama yako yuko mji wa Mobile, huna senti, Jumamosi ulikuwa unakula wapi?"

"Kwako, Mama."

"Nilikuambia nenda kwanza ukatazame mpira?"

"Hapana, Mama."

"Basi nipishe, nina viazi."

Vernice aliinuka. Alifika mlangoni, mkono kwenye kitasa, na hapo, anasema, maneno ya ofisi yakamwishia. Alisema tu kwamba Jumamosi ikienda vibaya, Jalisa hatamaliza shule. Akaeleza mambo ya ada, akiwa bado ameutazama mlango.

Redio ilizimwa.

"Sasa kwa nini hukuanza na hilo?" Mama Eula alisema. "Umeniletea wadau. Mimi namjua mdau gani? Mimi namjua Jalisa. Kaa chini, shika kisu."

Walimenya pamoja. Mama Eula hakukubali mtoto anyimwe chakula, na hilo alilirudia. Ila chakula kingeweza kutolewa kabla, kuanzia saa sita mchana, na kingine baada ya kipenga. Katikati, majiko yafunikwe. Kisha akasimamisha kisu.

"Na sisi je? Mimi nimefunika jiko langu, nikae maegesho na chupa ya soda kama mtu aliyeachwa na basi? Nipe kiti."

"Wapi, Mama?"

"Humo humo wanamokaa. Nimepika nje ya uwanja ule miaka thelathini. Unajua mara ya mwisho kuona robo ya nne ni lini? Kocha alikuwa bado ana nywele."

Haskew alipoambiwa kwamba wapishi arobaini na wawili wataketi jukwaani, alikataa. Jukwaa la wanafunzi ni la wanafunzi, alisema.

"Mama Eula alipewa kitambulisho cha mwanafunzi mwaka 1965," Vernice alimjibu. "Hajakirudisha."

Haskew akainamisha kichwa. Mama Eula ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kwa basi. "Haya," akasema. "Lakini robo ya nne nitatazama. Nilichokisema hakijabadilika."

Ndiyo maana leo Vernice anatazama miguu.

Safu ya mwisho ya bendi inapotea chini ya jukwaa. Kwa muda hakuna anayetikisika. Halafu kijana mmoja mrefu, Trevion, wa mwaka wa pili, anasimama, anajinyoosha, anaokota begi. Wenzake wanne wanasimama naye. Safu ya nyuma yao inaanza kukusanya makoti. Vernice anashika chuma cha ngazi.

"Wewe mrefu," inasikika sauti kutoka safu ya sita.

Trevion anageuka. Mama Eula ameketi katikati ya wasichana wa bweni la mashariki, blanketi magotini, kofia ya njano kichwani.

"Unakwenda wapi, mtoto wa Denise?"

"Naenda kula, Mama Eula."

"Kula kwa nani?"

Trevion anamtazama Mama Eula. Anatazama kushoto kwake, aliko mama wa mbavu. Safu ya tisa yuko mama wa kambare, anakula karanga. Juu kabisa, wale dada wawili wa keki za viazi vitamu wanampungia mkono. Jukwaa linaanza kucheka kabla yeye hajaelewa.

"Jiko limefunikwa," Mama Eula anamwambia. "Litafunuliwa kipenga kikilia, na atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni ni yule niliyemwona hapa. Macho yangu ni mazima. Kaa."

"Tutashindwa lakini, Mama Eula."

"Nimeshindwa na watu hawa tangu babu yako anachumbia. Kaa tushindwe wote."

Trevion anakaa. Makoti yanarudi mabegani. Wapo wanaotoka, kama mia tano hivi, na Vernice anaona kila mgongo. Lakini ngazi hazifuriki.

Robo ya tatu inakwenda polepole. Tolliver iko nyuma kwa pointi kumi. Mama Eula anamuuliza kocha, kwa sauti inayofika hadi kwenye nyasi, kama namba sabini na nne amekuja kucheza au kulinda nyasi zisiibiwe. Wanafunzi wanalidaka. Mara jukwaa zima linaimba namba sabini na nne, na namba sabini na nne, kijana mwenye mwili wa jokofu, anamwangusha mtu kwa mara ya kwanza mchana kutwa na kuinua mikono kuelekea safu ya sita.

Robo ya nne inaanza. Haskew anatoka kwenye chumba cha watangazaji na kusimama ukingoni, mikono mfukoni. Vernice hamtazami. Anamtafuta Jalisa, na anampata pembeni mwa safu ya kumi na moja, kajifunika blanketi la bibi asiyemjua, anapiga kelele kuhusu kikao.

Jukwaa limejaa zaidi ya nusu. Hata mtu asiyejua kuhesabu angeliona.

Tolliver inashindwa kwa pointi tatu. Hakuna anayelia sana. Kipenga kinalia, na watu elfu mbili wanaelekea geti la kusini nyuma ya wanawake arobaini na wawili wanaotembea taratibu, kwa makusudi kabisa, wakiongea habari za magoti.

Haskew anamkuta Vernice ameketi kwenye ngazi, viatu amevivua.

"Bi Vernice."

"Sema tu, Bwana Haskew. Moyo wangu umechoka."

"Jumatatu njoo tupange ratiba ya mwakani." Anasita. "Na mwambie Mama Eula kocha hakufurahi."

"Mwambie mwenyewe."

"Hapana," anasema Haskew. "Siwezi."

Akishaondoka, Vernice anabaki pale pale, viganja usoni. Mabega yanatikisika. Anapoinua uso, anacheka, na machozi yapo pia, na hajisumbui kuyafuta. "Nimekuwa nikikesha na saa ya ukutani tangu mwezi wa nane," anasema. "Leo nitalala na shuka tu."

Mipango anayo. Mwakani anataka kumshawishi Haskew mahema yote yahamie ndani ya uzio, ili sheria ya ukitoka huingii tena isimguse mpishi wala mlaji. Anataka pia kurudi kwa mwalimu wa bendi, safari hii bila kumwomba kitu, kumpelekea samaki tu. "Samaki wa kwanza atamla tu," anasema. "Akimla wa pili, tutazungumza."

Lakini hesabu yake ya kweli haiko uwanjani. Jalisa amebakiza msimu mmoja wa futiboli na miezi michache mbele yake. Mwezi wa tano, msimu huo ukishapita, atavuka jukwaa la mahafali, ambalo kwa Tolliver hujengwa hapa hapa, kwenye nyasi.

"Sherehe zile ni ndefu mno," anasema Vernice, akivaa kiatu kimoja. "Majina mia nane, jua kali, na watu wakishasikia jina la mtoto wao huondoka. Mimi nitakaa mpaka la mwisho. Nataka kujua inavyokuwa, kukaa tu, bila kumchunga mtu."