Ardhi Mbichi Kando ya Jiko

Mkunga alianza kujifunza pikipiki akiwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kukaa kitako. Zahanati ilimpa kwa sababu vijiji vyake vilikuwa vinne na miguu yake ilikuwa miwili, tena yenye baridi yabisi. Aliyemfundisha ni fundi wa zahanati, mtu mfupi wa maneno machache, kwenye uwanja wa shule, jioni kwa jioni kwa muda wa wiki tatu.

Kuendesha hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kusimama. Mara tatu pikipiki ilimlalia mikononi, na mara zote tatu fundi alimkemea.

"Mama, pikipiki hazianguki barabarani tu. Nyingi huangukia pale mtu anaposhuka. Tazama ardhi kwanza. Ikiwa laini, tia kipande cha ubao chini ya stendi. Ikiwa mteremko, elekeza tairi la mbele juu na uache gia ya kwanza. Na ikishaanza kwenda, iache iende. Chuma hununuliwa. Usiidake."

"Nimekusikia, baba."

Kusikia alisikia.

Nyumbani aliishi na dada yake, aliyemtangulia kwa miaka kumi na mmoja. Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hadi kiharusi kilipomkata upande wa kulia. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akili ilibaki palepale, na mdomo ukabaki na pilipili yake. Pikipiki aliipa jina la Mke Mwenza, maana, alisema, tangu ije humu ndani yeye hatazamwi tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya mchana mweupe baada ya mvua ya asubuhi. Mkunga alirudi kutoka kuzalisha, hajatia kitu tumboni, na bado alikuwa na mama wa kumpima kijiji cha pili. Alipoingia uani tu, akasikia sauti dirishani.

"Mdogo wangu! Nimeloa. Nimeloa tangu saa nne."

Sauti ile haikuwa ya lawama. Ilikuwa ya aibu, na aibu ya mkubwa wako inauma kuliko fimbo. Mkunga akaegesha palepale alipofikia, kando ya jiko, mahali wanapomwaga maji ya vyombo kila siku. Hakutazama chini. Alishusha stendi ya pembeni, akazima, akashika njia.

Hatua ya pili aligeuka. Stendi ilikuwa inazama taratibu, kama kijiko kwenye uji, na pikipiki inainamia upande wake. Akairudia mbio na kuidaka kwa mikono miwili. Kiatu kikateleza kwenye tope. Walianguka pamoja, yeye chini.

Alisikia kifundo cha mguu wa kushoto kikilia kama ukuni mkavu. Injini ya moto ilikuwa imemgusa muundi. Kwenye mfuniko wa tangi petroli ikaanza kudondoka, tone baada ya tone, juu ya sketi yake.

"Kuna nini?" Dada aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndicho kinachokuliza hivyo?"

Ng'ambo ya ua alikuwepo seremala, jirani yao wa pekee aliyeshinda nyumbani. Lakini mashine yake ya randa ilikuwa inanguruma, na mtu aliyesimama kwenye mashine ile huwezi kumwita hata ukimpigia tarumbeta. Mkunga aliita mpaka koo likakauka. Alisukuma chuma kwa mguu mzima. Kikatikisika kidogo, kikarudi palepale kwenye mfupa uliovunjika. Hakusukuma tena.

Ndipo aliposikia kishindo ndani ya nyumba. Kisha kitu kikiburutwa.

"Dada! Rudi kitandani! Nakuomba, Dada, usitoke!"

"Kitandani nimeshatoka. Nirudi kwa mabawa?"

Ilimchukua kama nusu saa kufika mlangoni, akijivuta kwa mkono wa kushoto, gauni limeloa na kukunjamana kiunoni. Mkononi alikokota sinia la bati. Palikuwa na ngazi tatu za kushuka uani. Mkunga alimwona akizitazama kama mtu anayepiga hesabu.

"Dada, hapana."

Dada alijaribu kushuka kwa makalio. Ya kwanza aliiweza. Mbili zilizobaki alizishuka kwa mpigo mmoja, kwa ubavu, na alipotua hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, ndefu, ya kwenda ndani.

Akalala vile vile, shavu kwenye tope, akaanza kupiga sinia kwenye jiwe la ngazi. Alipiga, akapumzika, akapiga.

"Leo sote tumelala," alisema kwa ulimi wake mzito. "Sijui nani atampikia mwenzake."

Mkunga alicheka huku analia.

"Mimi ndiye niliyekuita," Dada akasema baadaye.

"Mimi ndiye niliyeegesha."

Randa ilinyamaza seremala alipokwenda kula. Alisikia bati, akachungulia juu ya ua, akaruka. Aliinua pikipiki peke yake.

Hospitali walilazwa wodi mbili tofauti. Mkunga alifungwa plasta mpaka gotini, na ile sehemu iliyoungua ikafunikwa kwa bandeji. Dada alikuwa amevunjika nyonga. Mkunga hakuhitaji daktari kumwambia maana yake kwa mtu wa miaka sitini na mitatu aliyekwisha kupooza. Wagonjwa wa namna hiyo alikwisha kuwauguza. Siku ya kumi na moja kifua kilijaa. Ya kumi na tisa, alasiri, Dada akafariki, Mkunga akiwa pembeni na magongo yake, ameshika ule mkono uliopiga sinia.

Fundi alikuja kuhani.

"Mama, nilikwambia uiache," alisema, na machozi yakamtoka yeye.

"Uliniambia, baba."

Baada ya miezi minne Mkunga aliomba apangiwe kazi ya ndani ya zahanati, ya kugawa dawa dirishani. Mganga mkuu hakukataa. Alimwonyesha tu daftari la kijiji cha nne: tangu yeye aumie, wanawake wawili walijifungulia njiani, na mtoto mmoja hakulia.

Akachukua ufunguo wa pikipiki. Mguu haukunyooka sawasawa, na akichoka huuburuta kidogo. Popote anapofika, hata wamwite kwa mayowe, hushuka, akainama, akaikanyaga ardhi kwa kisigino mara mbili kabla ya kushusha stendi. Wanaomsubiri huona anachelewa. Wengine humsema. Yeye huwaacha waseme, akamaliza kukanyaga, ndipo anaingia ndani.