Tarumbeta za Mtaliano na Goti la Mama Madeleine

Maman Delphine ni fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu, na muziki huusikiliza kwa mguu. Papa Anaclet, mwalimu wa kwaya ya parokia, huusikiliza kwa kufumba macho, tena akipenda watu wamwone amefumba. Kila Jumamosi alasiri hubishana juu ya spika ndogo iliyokaa kati ya vitambaa, na sijawahi kuona watu wanaofurahia ubishi kama hao.

Mwezi uliopita ubishi ulikuwa na sababu. Parokia ilikuwa inatimiza miaka sitini, na wale wamama wanane waliobaki kati ya waumini wa kwanza wangeingia kwa maandamano, kutoka mlangoni hadi altareni. Papa Anaclet alikuwa amechagua muziki wa Mtaliano mmoja wa zamani. Unasimulia, bila neno hata moja, watu wanaokuja barabarani kutoka mbali, wakikaribia, wakikaribia, mpaka tarumbeta zinalipuka. Katika simu yake ulikuwemo mara tatu, umepigwa na okestra tatu tofauti.

"Ya kwanza njo iko bien, muzuri kabisa," alisema. "Sikia nguvu!"

Delphine akakanyaga pedali kuufuata. Hakufika hata nusu ya pindo, tarumbeta zikalia na uzi ukakatika.

"Hawa batu banakimbia mvula," akasema.

Ya pili ilikuwa na mwendo wa wastani, ila tarumbeta zilikuwa zimezimeza ngoma zote. Ya tatu ilianza chini sana, hata akadhani anasikia pedali yake mwenyewe. Akamaliza pindo, akageuza kitambaa, akaanza lingine, na wasafiri bado wako njiani, kila hatua na nafasi yake.

"Hii."

"Maman, na hiyo batu batasinzia!"

Hapo Delphine akaacha kushona. Ukweli ni kwamba hakuwa akifikiria okestra. Mama yake mzazi, Mama Madeleine, mwenye miaka themanini na minne na goti moja bovu, alikuwa mmoja wa wale wanane. Kwa mwendo wa ile ya kwanza angeachwa katikati ya kanisa, watu wote wakimtazama. Delphine akamweleza Papa Anaclet waziwazi.

Mwalimu akafumbua macho. "Si ungesema tangu mbele, maman. Basi, ya tatu."

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje. Ngoma zikaanza kwenye spika za kanisa, chini kabisa. Wazee wakaingia polepole, sawasawa na muziki, wazuri wa kukutoa machozi. Delphine alilikazia macho goti la mama yake. Ghafla Mama Madeleine akachomoka kwenye mstari. Akawapita wenzake wote saba, fimbo ikigonga sakafu, akafika altareni okestra ikiwa bado mbali kabisa. Akageuka kumtafuta binti yake.

"Delphine! Hii muziki njo uliniwekea? Miye nilitokaka mbali, kule kijiji ya Miti, na majiwe ku kichwa ya kujenga hii kanisa, leo unanipigia muziki ya bagonjwa?"

Kanisa zima likaangua kicheko, padri naye. Delphine alicheka mpaka akalia, kwa furaha na kwa aibu kidogo, maana wiki nzima alikuwa amemzeesha mama yake bila kumuuliza.

Mama Madeleine akaegemea fimbo, akawangoja wenzake. Tarumbeta zilipofika, alikuwa ameshapumzika.