Mama Yangu Hakuwa na Concern

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo nikilisikia damu inanichemka. Si tusi. Ni neno safi kabisa, linatamkwa na watu waliovaa vizuri, kwenye mikutano yenye maji ya chupa mezani. Concern. "Concern yangu ni hii." "Tumepokea concern zenu." Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Iringa mjini, na wanafunzi wangu nawaambia waziwazi: mtu mwenye concern ana wasiwasi, kuna jambo linamkosesha raha, anaomba aelezwe. Mtu aliyekataa, amekataa. Ukinichanganyia hayo mawili kwenye mtihani nakupa sifuri, na usije ofisini kunililia.

Wenzangu wananicheka. Wanasema neno lenyewe halina kosa. Ni kweli halina. Wenye kosa nawajua.

Mama yangu anaishi kijijini, ng'ambo ya Mafinga, kule ambako asubuhi za Juni unakuta umande umeganda mweupe juu ya nyasi. Ana kinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni shamba la bondeni, penye unyevu, linalolimwa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka kau. Unachimba mifereji, unainua matuta, unapanda njegere, kabichi, mahindi. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na kilichonisomesha mpaka chuo ni kile kinyungu. Hakuna kingine. Bonde lile lote ni la wanawake. Wanaume wana mipaini yao juu ya vilima, wanasubiri miaka mingi wapasue mbao, lakini watoto wanataka kula leo.

Basi ukaja mradi wa kuhifadhi bonde, eti maji yanapungua yakifika Usangu. Afisa wa mradi alikuwa kijana kutoka ofisi yao ya Mbeya, mwenye maneno laini. Akanipigia simu. Wafadhili wawili wanakuja kutoka Ulaya, mkalimani wao anaumwa. "Madam, wewe ni mzaliwa wa pale, tusaidie." Nikakubali haraka. Nilijua mama atakuwepo kwenye mkutano, na nilitaka atakachosema kiwafikie kizima.

Tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi. Wageni walikaribishwa kwa nyimbo, wakaandaliwa chakula, wakala mpaka wakashiba. Ndipo afisa akaeleza mpango: bonde lote litawekewa vigingi, kilimo kitasimama, itapandwa miti ya asili, na kina mama watapewa mizinga ya nyuki. Nyuki, jamani! Mtoto anarudi shule ana njaa, umwambie asubiri nyuki.

Mama akasimama, akafunga kanga yake vizuri. Nyumbani tunaongea Kihehe, na Kiswahili chake ni cha maneno machache yaliyonyooka. Akasema, "Kamwene wageni. Mmetoka mbali, tumefurahi. Bonde hatulitoi. Mimi nakataa, na hawa wenzangu wanakataa. Kama maji yanapungua, katazameni ile mipaini iliyoshuka mpaka mtoni. Asanteni kwa kuja." Akakaa. Wenzake wakaitikia, "Eee, ndivyo."

Nikawageukia wageni nikawaambia kwa Kiingereza cha kueleweka: mama huyu anakataa, na wenzake wote wanakataa, hawatoi bonde lao. Mmoja wa wafadhili, mama wa kizungu, akaweka kalamu chini. Uso ulimbadilika kabisa. Alikuwa ameelewa, na mimi nilimwona kwamba ameelewa.

Afisa akakohoa. Akacheka kicheko kidogo, akawaambia wageni kwa Kiingereza chake kwamba mkalimani anamaanisha kina mama wana concern kadhaa. Yule mzungu akapumua, akaokota kalamu, akatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Amesema amekataa."

Kijana akaniinamia. "Madam, usituharibie. Hiyo lugha ni kali, wageni watadhani kuna mgogoro."

"Si upo!"

"Sema tu wana concern. Ni kitu kilekile."

Kitu kilekile! Ananiambia mimi, mkate wangu wa kila siku ni chaki na hayo maneno. Nikamuuliza, kilekile kwa nani? Akawaambia wageni kwamba mwalimu amechoka, na kuanzia hapo atatafsiri mwenyewe. Nikabaki nimekaa pale kama gunia la mahindi.

Ndipo nilipoona kazi ya lile neno. Ukishasikia mtu amekataa, mguu wako unasimama. Ama umwache, ama umnyang'anye huku ukijua unamnyang'anya. Lakini kwa mwenye concern husimami. Unamwitikia kwa kichwa, unamshukuru, unampeleka semina, na shughuli zako zinaendelea. Yule mama wa kizungu akainuka, akasema anazithamini sana concern za kina mama na zitafanyiwa kazi zote. Afisa akatugeuzia kwa Kiswahili: "Wageni wamewasikia, na wamefurahi mno." Mwenyekiti wa kijiji akaomba makofi, na wanawake wakapiga. Mama naye akapiga! Nilitaka kupasuka.

Nje nikamvaa. "Mama, makofi ya nini sasa?"

"Ee, mtu katoka Ulaya, umwache aondoke kavukavu? Nimempigia makofi ya safari. Kukataa si nimeshakataa?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Hata washenga wakija kuposa na binti hamtaki kijana wao, watalishwa, watasindikizwa mpaka njiani, na watafika kwao wakijua wamekataliwa. Hakuna anayehesabu sahani ya ugali kuwa ndoa. Nikamweleza mama jinsi yule kijana alivyogeuza maneno yake. Akanicheka. "Yule mama wa kizungu ulimwambia wewe kwanza, au hukumwambia?" Nikasema nilimwambia. "Basi. Masikio anayo." Akaenda zake bondeni kumwagilia.

Concern zikafanyiwa kazi kweli. Ikaja semina ya ufugaji nyuki. Zikaja fulana zenye maandishi ya mradi, kina mama wakazivaa kulimia. Kisha vikaja vigingi vya zege, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vikapigwa katikati ya matuta ya mama, njegere zikiwa zimetoa maua. Mama hakuuliza mtu. Alishuka na jembe, akaving'oa kimoja baada ya kingine, na wenzake wakamfuata.

Mgambo wakambeba. Nilipigiwa simu nikiwa darasani, nikaacha chaki palepale, nikatoka kituo cha Ipogolo kwa basi la kwanza lililopita. Nilipofika ofisi ya kata nilimkuta kwenye benchi, tope mpaka magotini, kanga imechanika begani. Mtendaji wa kata akaniambia kwa upole kwamba amri imeshatoka: vigingi vinarudi kesho, na mama asionekane tena bondeni na jembe. Akionekana, ni mahakamani.

Dirishani alisimama yule kijana wa Mbeya, anaongea na wafadhili kwenye simu, spika ameiwasha. Sikuamini nilichokisikia. Alikuwa anawaambia, kwa Kiingereza safi kisicho na kona, kwamba kuna mwanamke amekataa. Amekataa katakata, na anawachochea wengine wakatae.

Kumbe neno analo! Kumbe alikuwa nalo siku zote, amelitunza mfukoni, anangoja siku litakayomfanya mama yangu mhalifu! Nilipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. Nikamwita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikamnyang'anya ile simu, nikasema mimi ni yule mkalimani, na mwanamke huyo ndiye aliyewaambia anakataa, ana kwa ana, kwa kinywa changu.

Kisha sauti ya yule mama wa kizungu ikatoka, ya huzuni kabisa, na nadhani ya kweli. Akasema wamesikitika sana. Akasema wao siku zote wanataka kuwasikiliza wananchi. Akauliza kwa nini kina mama hawakusema mapema kwamba hawataki.

"Anasemaje?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

Ningeweza kulainisha. Mdomo ulikuwa wangu, na pale hakuna mwingine ambaye angenisahihisha. Lakini mama alikuwa ananitazama, anangoja kama siku ile darasani, na mimi nikamwambia neno kama lilivyo.

"Anauliza kwa nini hukusema."

Mama hakulia mgambo walipomkamata, wala mtendaji alipomsomea amri. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa, akajifunika uso kwa ile kanga iliyochanika, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.