Refa Bilali Alipoacha Dawa

Kijijini kwao, huko Namungo, ukiuliza nyumba ya Bilali utaulizwa Bilali yupi. Uliza nyumba ya Refa, utapelekwa mpaka mlangoni. Kwa miaka kumi na minane alichezesha mechi za vijana kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko, ndani ya kaptula nyeusi aliyoipiga pasi ya mkaa kwa mkono wake, maana mkewe Faudhia alikwisha kukataa kazi hiyo. "Nikunyooshee nguo ukatukanwe nayo?" alisema.

Na kutukanwa alitukanwa kweli. Lakini waliomtukana mchana ndio waliompelekea mihogo jioni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akipokea hata soda ya timu yoyote kabla ya mechi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilima ufuta na kutunza mikorosho, na kiangazi alishuka machimboni kama wanaume wengine.

Miaka mitatu iliyopita, shimo la madini, wenyewe huliita duara, alilochimba na mdogo wake Rahimu lilititia. Bilali alikuwa juu akivuta kamba, Rahimu alikuwa chini. Baada ya matanga Bilali alirudi nyumbani, akakaa kwenye mkeka, na ikawa kama hakuinuka tena. Hakulia. Chakula alikigusagusa tu. Msimu wa korosho ukaja, ukapita, naye hakwenda shamba. Faudhia alivumilia miezi minne, kisha akampandisha bodaboda, yeye mwenyewe akakaa nyuma kumshikilia asianguke, hadi hospitalini mjini Ruangwa.

Huko walimkuta daktari Dionisia, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimsikiliza Bilali bila kumkatiza, halafu akaupa ugonjwa jina lake: sonona. Akampa vidonge, kimoja kila siku, na tarehe za kurudi kuzungumza.

Haikuwa kazi ya siku moja. Zilipita wiki, tena nyingi, ndipo asubuhi moja Faudhia akatoka nje akamkuta mumewe anafagia ua. Alirudi jikoni, akajifuta machozi kwa pembe ya khanga, akakoroga uji.

Basi Bilali akarudi shambani, akarudi uwanjani, na vidonge akavimeza mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu, mwezi wa tano, walikwenda Mtua kwenye harusi ya upande wa mkewe. Wakiwa kwenye pilau, shemeji yake Jamali akamwuliza mbele ya watu, "Hivi shemeji, bado unameza zile dawa za vichaa? Si umeshapona wewe?"

Watu walicheka kidogo. Bilali naye alicheka, lakini lile neno lilimkaa. Na kweli alijiona mzima. Waliporudi nyumbani alichomeka pakiti ya dawa juu ya ukuta, chini ya bati, asimwambie mtu.

Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya pili vilevile. Akajiona mjanja.

Siku ya tatu aligeuka kumtazama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo, na ndani ya kichwa chake kikapita kitu kama cheche, toka sikio hili hadi lile, mithili ya mtu aliyegusa waya ulio wazi. Akasimama. Alipogeuza macho ikapita nyingine. Kufikia mwisho wa juma hali ilikuwa mbaya: kichefuchefu kila asubuhi, jasho la kulowesha shuka wakati wa baridi, ndoto ndefu za kuchosha. Redio ilipotangaza vifo vya watu asiowajua, alilia kama aliyefiwa. Punde akaja juu kwa sababu ya kikombe kilichowekwa upande usiofaa.

Faudhia akampeleka zahanati. Wakapima malaria, hakuna. Baada ya siku mbili wakapima tena, hakuna.

"Refa, una nini?" aliuliza Malimi. Huyu ni mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka sita nyuma, na ndiye mshika kibendera wa Bilali katika kila mechi. "Unatembea kama ndama wa siku moja."

"Uchovu tu," alijibu Bilali.

Jumamosi vijana wa machimboni walicheza na vijana wa Narung'ombe. Refa huishi kwa kugeuza shingo: mpira uko huku, kibendera kiko kule, mtu anavutwa jezi nyuma ya mgongo wako. Kila Bilali alipogeuka cheche ilipita, na uwanja wote ukayumba. Dakika za mwishomwisho mshambuliaji wa Narung'ombe alianguka ndani ya boksi. Bilali aliona miguu mingi kuliko iliyokuwepo. Akapuliza filimbi, akaonyesha penalti.

Kelele zilizopanda hapo si za kusimulia. Hata vijana wa Narung'ombe walitazamana, kwa kuwa mwenzao alikuwa amejikwaa mwenyewe na wote walijua. Bilali alisimama katikati ya vumbi. Moyo ulimwambia akaze uso, kwani refa hatengui neno lake. Kisha akamtazama kipa, kijana aliyekaribia kulia, akashindwa.

"Sikuona," alisema kwa sauti. "Jamani, sikuona vizuri. Naumwa. Hakuna penalti."

Jambo kama hilo halijapata kutokea katika kiwanja kile. Bilali alivua filimbi shingoni, akamkabidhi Malimi, akatoka uwanjani polepole bila kugeuza kichwa. Hakuna aliyemzomea.

Nyumbani Faudhia alikuwa anachambua mchicha, kando yake pakiti ya dawa aliyoikuta chini ya bati. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa miguu ya watu inayokimbia kuliko ya Bilali.

"Baba Saada," alisema bila kuinua macho, "umeacha dawa?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu Mtua."

Faudhia aliweka ungo chini. "Mimi nimeshakufa mara mbili humu ndani. Mara moja kwa malaria isiyoonekana, mara ya pili nikidhani ile hali yako imerudi. Na wewe umekaa na siri yako juu ya ukuta! Ungeniambia ningekuzuia?"

"Ungenizuia."

"Eeh, ningekuzuia," alikubali Faudhia, na hapo hasira ikamponyoka, akacheka akiwa analia.

Jumatatu walikuwa mbele ya daktari Dionisia. Bilali aliingia kichwa chini akisubiri kukemewa. Daktari hakukemea.

"Mzee Bilali, hujawa teja na hujarukwa na akili," alisema. "Mwili ulizoea dawa kwa miaka miwili, wewe umeiondoa ghafla. Sasa mwili huo unalalamika. Kutaka kuacha si kosa, na huenda wakati wake umefika kweli. Ila tutashuka ngazi, hatutaruka kutoka juu ya paa."

Akamrudisha kwenye dozi yake ya zamani, na baada ya siku chache cheche zikapoa. Miezi miwili baadaye, alipohakikisha Bilali ametulia, wakaanza kushuka. Daktari alimweleza kwamba vidonge vyake vinaweza kugawanywa, akamwonyesha namna ya kuvikata kwa wembe. Na akamweleza Faudhia tofauti ya kutazamia: kizunguzungu na cheche za siku chache ni mwili unazoea, lakini huzuni ikirudi na kukaa, au akisema hataki kuishi, waje siku hiyohiyo.

Kila walipopunguza, siku za mwanzo zilikuwa na vurugu zake. Bilali alijifunza kutia kitu tumboni kabla ya kuinuka, na tangawizi ilimsaidia kichefuchefu. Aligeuza mwili mzima badala ya shingo, kama mtu aliyebeba ndoo. Asubuhi Malimi alimpitia, wakatembea nyuma ya ng'ombe hadi malishoni, aghalabu bila kuzungumza. Malimi hakuuliza maswali. Siku Bilali alipolazimika kuketi, alimwambia tu, "Ng'ombe hawana haraka," naye akaketi.

Hatua ya tatu iliwashinda. Cheche zilirudi kwa nguvu, na Bilali akafoka juu ya chumvi ya mboga hadi majirani wakasikia. Faudhia aliinuka, akaenda penye kaptula ya mechi, akatoa kadi ya njano, akaja kusimama mbele ya mumewe akiwa ameinyanyua juu, mkono umenyooka, uso umekazwa kama refa halisi.

Bilali alitazama kadi. Alimtazama mkewe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na Faudhia akaketi kando yake kwenye mkeka wakacheka pamoja. "Nyingine ni nyekundu," alimwonya. "Utakula kwa Malimi." Wakampigia daktari, naye akasema wabaki pale walipo mwezi mzima, wasishuke. Wakabaki.

Kipande cha mwisho alikimeza mvua zikiwa zimeshika, baada ya korosho kuuzwa. Cheche mbili tatu zilimpitia siku zilizofuata, kisha zikakoma. Kumkumbuka Rahimu hakukukoma, wala hakutarajia kukome. Lakini sasa aliweza kulitaja jina lake mezani na kuendelea kula.

Mwezi wa tatu wa mwaka mpya alikuja mtu kwa baiskeli kutoka Narung'ombe, Eustakio, mzazi wa mchezaji mmoja. Alizungumza habari za mvua, za ufuta, za mvua tena. Bilali alimwacha afike mwenyewe.

"Siku ile uwanjani ulisema unaumwa," hatimaye alisema Eustakio. "Mke wangu halali, hali, hasemi. Watu wananiambia mambo mengi. Wewe ulikwenda wapi?"

Bilali alimweleza, hatua kwa hatua, pamoja na ule ujinga wa Mtua. Kisha akamwambia, "Mlete Jumanne. Tutakwenda wote."

Jumanne walikwenda, na Faudhia akiwemo. Mke wa Eustakio alipoingia chumbani kwa daktari Dionisia, Bilali alibaki kwenye benchi la nje na mumewe, wakagawana chungwa.